Binti yenu amepewa nafasi ya Chausiku? Msikimbilie kumkataza

MAMA mmoja wa huku kwetu Lumemo ameniuliza swali, na kwa kuwa wazazi wengine wawili wameniuliza lile lile kwa maneno mengine, nalijibu hapa kwenye ukurasa wetu ili tulizungumze wote. Binti yake yuko kidato cha tatu. Tangu mwaka jana amejiunga na kikundi cha vijana wa mtaani wanaoigiza michezo ya jukwaani. Hawalipwi, wanafanya kwa kupenda. Safari hii wameamua kuigiza *Kinjeketile*, tamthiliya ya Ebrahim Hussein, na binti kapewa nafasi ya Chausiku.

Mama hakuwa na neno mpaka siku alipokikuta kitabu juu ya kabati akakaa akakisoma. Jioni akamsimulia mumewe. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Mwanangu hatafanyiwa hayo mbele za watu." Basi. Tangu siku hiyo binti hasemi nyumbani, na mazoezini nafasi yake iko wazi.

Kwa wasioijua hadithi: Chausiku ni binti wa Kitunda. Mchezo unaanza nyumbani, kwa wanawake na njaa yao, wakati wanaume wako kwenye shamba la pamba la Mjerumani wakilimishwa kwa nguvu. Msimamizi wa shamba hilo anaitwa Bwana Kinoo. Askari wanamchukua Chausiku kumpeleka kwa Bwana Kinoo, na hakuna haja ya kueleza kwa ajili gani. Baada ya hapo ndipo Kinjeketile anaingia mtoni, anatoka na maji, na watu wanaanza kuamini kwamba wanaweza kupigana.

Kwa hiyo namwelewa huyu baba. Nawaomba wasomaji wangu vijana wasianze kumcheka kwamba ni mshamba. Mwanamume aliyelea binti mpaka kidato cha tatu kwa jembe la mkono, halafu anaambiwa kijana wa jirani atavaa nguo za askari na kumburura binti huyo mbele ya mtaa mzima, ana haki ya kuuliza. Ninachokikataa ni kwamba ameuliza kwa kufunga mlango. Kuna maswali mazuri ya kuuliza, na majibu yake yanapatikana.

Kwanza tuondoe jambo moja linalotuchanganya. Wengi wetu tukisikia "kuigiza" tunaona filamu na tamthiliya za televisheni. Tunakumbuka enzi za Kaole, tunakumbuka magazeti ya udaku yalivyowaandika wasichana waliokuwa wakionekana pale, na tunajisemea kwamba huko ndiko anakoelekea. Kikundi cha mtaani ni kitu kingine kabisa. Pale mwigizaji ni fundi cherehani, mwanafunzi, muuza mitumba, mwalimu wa kujitolea. Wanakutana chini ya mwembe au kwenye darasa walilopewa kwa hisani, wanagombana juu ya nani kasahau maneno, wanafanya onyesho mara mbili au tatu, halafu kila mtu anarudi kwenye mpunga wake. Hakuna anayetafuta umaarufu. Anayeutafuta huwa anaondoka mwezi wa kwanza.

Jambo la pili ni jina. Mama aliniambia kwa sauti ya chini kwamba hofu kubwa ya mumewe ni watu kuja kumwita binti yake Chausiku maisha yake yote. Hilo si upuuzi. Mtaani kwetu jina likishakukaa limekukaa. Lakini tukumbuke mchezo wa redio wa *Twende na Wakati*, ulioanza Radio Tanzania mwaka 1993. Waliousikiliza wanamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori asiyetulia, na mkewe Tunu aliyevumilia mpaka akachoka. Tulikuwa tukimlaani Mkwaju kana kwamba anakaa nyumba ya tatu. Je, ni nani kati yetu aliyewahi kukataa kumpa mkono mwigizaji aliyekuwa akitoa sauti ile? Tulijua kutofautisha, na hatukufundishwa shuleni. Ninaamini mtaa unaojua kumtofautisha Mkwaju na mwenye sauti unaweza kumtofautisha Chausiku na binti wa fulani, mradi wazazi wenyewe wawe wa kwanza kufanya hivyo kwa sauti.

Wala hofu hii si ya Kiafrika peke yake. Nitawapeleka mbali kidogo. Upande wa magharibi wa kisiwa cha Uingereza kuna nchi ndogo inaitwa Wales, yenye watu wapatao milioni tatu na lugha yao wenyewe mbali na Kiingereza. Huko kuna mji mdogo wa pwani uitwao Laugharne, ambako aliishi mshairi Dylan Thomas. Aliandika mchezo uitwao *Under Milk Wood*, unaosimulia siku moja tu ya mji mdogo wa baharini, tangu usiku watu wakiwa kwenye ndoto mpaka usiku unaofuata. Aliuandika uwe mchezo wa sauti, kama vile vya redio tulivyokulia navyo sisi. Thomas alifariki New York mwezi Novemba 1953 akiwa na miaka 39, na BBC ikautangaza Januari 1954, yeye hayupo kuusikia.

Sasa ndani ya mchezo ule mna kila aina ya mtu unayemjua. Yumo nahodha mzee kipofu anayetembelewa na mabaharia waliokufa maji. Wamo mke na mume wasiopatana. Yumo mwanamke aitwaye Polly Garter, mwenye watoto wengi na hana mume, anayepiga deki huku akiimba juu ya mwanamume aliyempenda akafa. Nani angependa binti yake apewe nafasi ya Polly Garter? Hata hivyo mchezo huo ni miongoni mwa inayopendwa sana na vikundi vya ridhaa vya huko, kwa sababu una nafasi ndogo ndogo nyingi na kila mtu wa mtaani anapata ya kwake. Watu wa Laugharne, ambao wengi husema ndio waliochorwa mle ndani, wameuigiza wao wenyewe. Binti wa mtu amesimama akawa Polly Garter, mbele ya majirani, akamaliza, akarudi nyumbani kula chakula cha jioni na mama yake.

Nimeutaja mchezo ule kwa sababu unafanana na hali yetu katika jambo moja kubwa. Pale ni mji unaojiigiza. Na sisi hapa, tukiigiza *Kinjeketile*, tunaigiza habari iliyopita kwenye ardhi tunayoikanyaga.

Wengi wanadhani Majimaji ni habari ya Kilwa, Umatumbi na Songea. Tufungue macho. Vita vilianza Julai 1905 kule Nandete, Umatumbi, watu walipong'oa mimea ya pamba. Havikuchukua miezi kufika kwetu. Wajumbe waliokuwa wakipeleka maji walipita bondeni humu, na tarehe 30 Agosti mwaka huo huo Wapogoro na Wambunga walilivamia boma la Wajerumani la Mahenge, huko ng'ambo ya mto wetu, wakakutana na bunduki za rashasha. Babu wa babu zetu walikuwa kwenye kilima kile. Hesabu ya Wajerumani wenyewe ya waliokufa katika vita vyote ilikuwa 75,000. Wanahistoria waliokuja baadaye wametaja 250,000 hadi 300,000, na wengi wa hao hawakuuawa na risasi bali na njaa, baada ya maghala na mashamba kuchomwa makusudi.

Na mto wenyewe. Kinjeketile wa kwenye kitabu anaingia Rufiji. Rufiji inatoka wapi? Mto wa Kilombero ukikutana na Luwegu ndipo jina la Rufiji linapoanza. Na Lumemo hii hii, inayotufanya tuhamishe magodoro kila masika, inamwaga maji yake Kilombero. Nilipowaambia vijana wa kikundi habari hiyo walinyamaza, kisha mmoja akasema kibuyu cha jukwaani kijazwe hapo mtoni, si bombani. Nimekubaliana naye.

Hapo ndipo nilipoona kwamba baba yule na binti yake wanaongea juu ya vitu viwili tofauti. Baba anaona aibu ya binti. Binti, kwa maelezo aliyompa mama yake, anasema hivi: Chausiku hana maneno mengi, lakini yeye ndiye sababu. Bila yeye wanaume wangeendelea kunung'unika tu. Ninyi wenye mabinti, mtoto wa kidato cha tatu akiona jambo kama hilo kwenye kitabu bila mwalimu kumwandikia ubaoni, mshukuruni Mungu.

Maana shuleni tunavisoma vitabu hivi kwa namna inayovikausha. Watoto wetu wanazo *Kilio Chetu*, *Orodha*, *Ngoswe*, na wanaweza kukuorodheshea dhamira, migogoro na tamathali za semi bila kupumua. Muulize mmoja asimame aseme maneno ya Mazoea kama vile anamwambia mtu, anacheka anaficha uso. Tamthiliya imeandikwa isemwe kwa mdomo. Kuisoma kwa ajili ya mtihani peke yake ni kama kusoma kitabu cha mapishi ukashiba.

Mwalimu Nyerere alilijua hilo. Akiwa na nchi nzima mabegani alikaa akatafsiri tamthiliya za Shakespeare, *Juliasi Kaizari* mwaka 1963 na *Mabepari wa Venisi* mwaka 1969. Sidhani alifanya vile ili tupate cha kupigia mstari kwa kalamu nyekundu. Mwaka huo huo wa 1969 ndipo *Kinjeketile* ilipochapishwa. Kiswahili kilikuwa kinaonyesha kwamba kinaweza kubeba mtawala wa Roma na mganga wa Ngarambe kwa mdomo ule ule.

Turudi kwa mabinti. Mkoa wetu wa Morogoro umetoa mtu ambaye kila mzazi mwenye binti jukwaani anapaswa kumjua: Profesa Penina Muhando Mlama, mzaliwa wa Berega, Kilosa. Aliandika *Hatia* mwaka 1972, habari ya msichana aliyepata mimba na mzigo wa lawama unavyotembea kutoka kwa mtu hadi mtu. Miaka ya mwanzo ya 1980 yeye na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, Kwimba, wakakaa na wanakijiji. Hawakwenda na mchezo mkononi. Waliwauliza watu ni nini kinawasumbua, na vijana wakataja mimba za wasichana. Wakatunga pale pale, kwa ngoma na maigizo ya pale pale, na wazee wakalazimika kusikia yale ambayo kwenye kikao cha kijiji hakuna binti angeyasema.

Mwaka 1996 idara yao ya sanaa, yeye akiwa pamoja na Profesa Amandina Lihamba, ikaanzisha mpango wa Tuseme katika shule za sekondari. Jina linajieleza. Wasichana wanataja wenyewe kinachowakwamisha, iwe mwalimu anayewasumbua, kazi za nyumbani zinazomaliza muda wa kusoma, au njia ndefu ya kwenda shule, halafu wanakifanya mchezo na kukionyesha mbele ya wakubwa wanaohusika. Baadaye mpango huo ulivuka mipaka ukaenda nchi nyingine za Afrika. Wazo lililomo ni jepesi: kuna maneno ambayo msichana hawezi kuyasema akiwa yeye, ila anaweza kuyasema akiwa mtu mwingine. Akishayasema mara moja kwa sauti kubwa mbele ya watu mia, siku ikimfika yeye mwenyewe sauti haimkatiki.

Mzee wangu, hebu lifikirie hilo kwa ubaya wake wote. Huku kwetu binti anatembea peke yake kwenda shule. Wakati wa kilimo nusu ya mtaa inahamia shambani, sisi tunakaa kwenye vibanda vya bondeni wiki kwa wiki, watoto wa sekondari wanabaki mjini na bibi au wanabaki wenyewe. Bwana Kinoo wa siku hizi hana kofia ya Kijerumani. Ana bodaboda, au ana duka, au ana cheo. Ukichagua kati ya binti ambaye hajawahi kupiga kelele ya "niache" maishani na binti aliyeifanyia mazoezi miezi miwili mpaka mwongozaji akamwambia haijatosha rudia, mimi namchagua wa pili.

Sasa yale maswali mazuri niliyoyasema. Haya mpelekee kiongozi wa kikundi, baba, na uyapeleke mwenyewe kwa miguu yako. Usimtume mama.

Muulize tukio la Chausiku linachezwaje. Si lazima mtu amshike binti wa mtu. Njia ninayoipenda mimi ni askari kutoa amri jukwaani, binti akatoka mbele yao akiwa amejishika kaniki yake, na kilio kikasikika kutoka nyuma ya pazia wakati jukwaani wamebaki watu wazima wanaotazamana. Ile aibu yote inawaangukia wao, na ndipo inapostahili kuangukia. Nimewahi kuona kikundi kimoja mji mwingine wakiburuzana chini, watazamaji walicheka. Kicheko kile kiliharibu mchezo wote, na kama ningekuwa mzazi wa msichana yule ningeondoka naye.

Muulize habari ya simu. Kwa maoni yangu hii ndiyo hatari ya kweli, kuliko mchezo wenyewe. Watu mia wanaokaa kwenye mikeka wanaona hadithi nzima, wanajua Chausiku ni nani na kilichofuata ni nini. Kipande cha sekunde 30 kwenye kundi la WhatsApp hakina hadithi. Kina binti anayejulikana na kilio. Kikundi kitangaze mwanzoni kwamba tukio hilo halirekodiwi, na awepo mtu mzima wa kulisimamia, mtu wa kuheshimika ambaye vijana hawawezi kumwambia "kaa pembeni, mzee".

Muulize mazoezi yanaanza na kwisha saa ngapi. Kikundi hiki kinaanza saa tisa alasiri, lakini nimeona wakiachana saa moja na nusu giza limeshaingia. Hapana. Jua likianza kushuka wasichana wako njiani, wawili wawili au watatu watatu, na mazoezi yaliyobaki wafanye wavulana wa vita. Wana vita ya kutosha humo ndani.

Na muulize ruhusa. Hili wazazi hatulifikirii, lakini ni sehemu ya kumlea mtoto. Kitabu kina mwenyewe. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, kuigiza tamthiliya ya mtu mbele ya hadhira si sawa na kuisoma sebuleni, hata kama hamtozi kiingilio. Kikundi kiandike barua kwa mchapishaji, na COSOTA ipo kwa ajili ya kuelekeza watu wa aina hiyo. Mtoto anayemwona kiongozi wake akiomba ruhusa kabla ya kutumia jasho la mwenzake amepata somo ambalo hatulifundishi vizuri nchini mwetu.

Kuna mzee mwingine, jirani yangu, ana pingamizi tofauti na ninalipenda zaidi. Yeye anasema mchezo huu unawatukana wazee, unawafanya wajinga waliodanganywa na maji yenye mafuta ya mbarika na mbegu za mtama. Nilimjibu kwamba asome mpaka mwisho. Kinjeketile wa kitabuni ana mashaka yake mwenyewe, hataki vita vianze kabla watu hawajawa tayari, na mwisho akiwa kifungoni anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Anakataa si kwa sababu anaamini risasi zinageuka maji, bali kwa kuwafikiria watakaozaliwa na watakachoambiwa. Mzee alitikisa kichwa, akasema hilo ni la kuzungumza.

Lakini alikuwa na hoja. Mchezo si historia, na mtunzi mwenyewe ameeleza kitabuni kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe wa kubuni. Kinjeketile Ngwale wa kweli alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Hesabuni siku: wazee wetu walipoipanda Mahenge, mtu yule alikuwa ameshakufa karibu wiki nne. Kitabuni anaishi mpaka vita vimekwisha. Kwa hiyo vijana wasitoke jukwaani wakidhani wameshajua Majimaji. Wakakae na wazee. Kuna bibi humu Lumemo anayejua kwa Kipogoro maneno waliyoyasimulia wazee wake juu ya njaa ile, walichimba mizizi gani, na nani aliachwa njiani. Hakuna mchapishaji aliye nayo hayo. Nimewashauri kikundi wamwombe asimulie dakika kumi kabla ya mchezo kuanza, kwa lugha yake, na mjukuu atafsiri. Wengine wanaona itawachosha watazamaji. Mimi naona atakayechoka na bibi yule hata huo mchezo haumfai.

Limebaki la mpunga, na hili halina falsafa. Mazoezi yameangukia wakati wa kuamia ndege. Kuna nyumba ambazo binti na mdogo wake ndio wanaokaa kwenye dungu tangu alfajiri wakipiga debe, na kweleakwelea hawasubiri mtu amalize kukariri. Mzazi anayesema "siwezi kumtoa huyu shambani" hasemi uongo. Nimependekeza mazoezi ya katikati ya wiki yasimame mpaka mpunga uvunwe, wabaki na Jumapili mchana tu, na maneno yakaririwe huko huko shambani. Dungu ni jukwaa zuri sana. Liko juu, liko wazi, na mtu akiwa na sauti ndogo ndege ndio watakaomwambia. Mdogo mtu ashike kitabu amsomeshe dada yake, naye atajifunza kusoma kwa ufasaha bila kulipiwa tuisheni.

Onyesho basi liwe baada ya mavuno, mchana, wakati kila nyumba ina chakula na watu wana moyo wa kukaa. Mchana hakuna gharama ya jenereta wala giza la kuwaficha wahuni. Mavazi yanatakiwa kaniki na merikani. Kanga za maua na fulana za mpira ziachwe nyumbani. Bunduki ni za mbao na fundi seremala mmoja ameshakubali kuzichonga kwa vipande vilivyobaki. Kinachokosekana mpaka sasa ni kaniki nne nzee, vibuyu viwili visivyovuja, na ngoma moja kubwa ya kuazima. Ukiwa jirani na unavyo, wapelekee Jumapili saa tisa, chini ya ule mwembe, na ukifika ukae uangalie. Nafasi ya Chausiku bado hawajampa mtu mwingine.